Katibu wa Matukio Yajayo

Kamati ya Sanaa na Utamaduni ya mtaa wetu, kule Temeke, ilikuwa na mwenyekiti aliyehamia Mbezi Beach bila kuaga, mweka hazina asiyekuwa na hazina, na Katibu. Yaani ilikuwa na Katibu. Nani alimchagua sijui. Niliwahi kuuliza watu wazima watatu, na kila mmoja alidhani waliomchagua ni wale wengine wawili. Alikozaliwa na ukoo wake navyo sivijui, na sina hakika kama yeye mwenyewe alivikumbuka, maana alikuwa mtu wa mambo yajayo tu.

Kazi yake ya kula ilikuwa kuandika mabango, ya zamani, ya brashi na rangi ya mafuta. Ukipita Chang'ombe mpaka leo utauona mkono wake ukutani: SALUNI, FUNDI VIATU, USIKOJOE HAPA, na lile tangazo lililomlisha kuliko yote, NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi zake zilikuwa nene, zenye kivuli upande wa kulia, zimepangwa kama maharusi. Hata USIKOJOE HAPA yake ilipendeza, na nadhani ndiyo sababu wanaume walikuwa wanasimama pale kwa muda mrefu. Yalipokuja mabango ya kuchapa kwa mashine kazi ilimpungua, na mtu mwenye brashi na muda ni lazima atafute pa kuandika.

Nje ya banda lake alisimamisha plaiwudi nzima aliyoipaka rangi nyeusi, na juu yake kwa njano aliandika MATUKIO YAJAYO. Ubao wa matukio yaliyopita hakuwa nao, na yaliyowahi kufanyika yangeenea kwenye kiganja. Mwanzoni kila kitu kilikuwa cha chaki: tamasha la ngoma za asili, maonyesho ya vinyago, shindano la ngonjera, siku ya mapishi. Baadaye alipoona kwamba majina ya vikundi hayabadiliki, akayaandika kwa rangi ya mafuta moja kwa moja ili apunguze kazi. Tarehe ndizo zilizobaki za chaki. Asubuhi ungemkuta na kitambaa kibichi, anafuta Juni, anaandika Agosti, hana haraka wala aibu.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, mwanangu. Maandalizi yapo katika hatua za mwisho."

Hivyo ndivyo alivyosalimia. Kwa miaka minne nilipita pale kila siku nikienda kazini, na sikuwahi kusikia habari za hatua za mwanzo.

Jina la tatu kutoka juu, la rangi ya mafuta, lilikuwa la kikundi cha mama yangu. Sie ni watu wa Nyasa. Mama alikuja Dar akiwa bibi harusi, na alichokuja nacho ni sanduku la bati na kioda. Kioda ni ngoma ya wanawake wa kwetu. Wanaingia kwa mistari, magauni meupe, hatua ndogondogo, hakuna kuruka wala kukata kiuno, na anayedhani ni rahisi ajaribu dakika tano. Wenzake aliowakuta mjini walikuwa kumi na mmoja. Mwaka ambao Katibu aliwaandika ubaoni walibaki saba pamoja naye, na magoti ya mama yalikuwa yameanza kumsumbua. Hakutaka sifa. Alitaka kucheza mbele za watu mara moja tu, mwanzo mpaka mwisho, ili mabinti zao waliozaliwa hapa mjini waone kuwa ni kitu cha kutolewa hadharani, wakishike kabla yeye hajashindwa kusimama.

"Nikishakaa kwenye kiti," alikuwaga anasema, "nitamfundisha nani hatua? Nitamnyooshea kidole?"

Mmoja wa mabinti hao ni mie. Nilikuwa karani katika kiwanda kimoja, nakaa kwenye kiyoyozi, na kioda niliona ni mambo ya harusi za kijijini. Mama na wenzake wakifanya mazoezi uani, mie nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nilichemsha chai nyingi sana miaka ile.

Sasa, Katibu alikuwa na imani moja ambayo hakuna shehe wala padri angeweza kumtoa humo: tukio bila mgeni rasmi si tukio, ni mkusanyiko. Wasanii anaweza kuwakosa, jukwaa anaweza kulikosa, hata watazamaji. Mgeni rasmi, hapana. Kiti chake alikibeba mwenyewe kichwani kutoka nyumbani, kiti cha sebuleni chenye mito miwili, na ole wako ukalie. Nilimwona akimwinua mchungaji. Meza kuu ilipewa turubai, kitambaa cheupe, maua ya plastiki na maji ya chupa. Wasanii walipewa jua, na jua lilikuwa la kutosha kila mmoja.

Na hakualika watu wa saizi yetu. Alialika wakubwa kwelikweli. Mkubwa alikubali, kisha akapata udhuru, akamtuma wa chini yake. Wa chini yake naye akapata udhuru. Safari moja tulimpokea mwakilishi wa mwakilishi wa mwakilishi, bwana mpole aliyeniinamia sikioni akaniuliza hii ni shughuli ya nini. Nikamwambia tupo katika hatua za mwisho. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Risala ndiyo ilikuwa fani yake. Alikaa nayo wiki tatu, akaiandika kwa mkono kwenye karatasi ngumu, pambizo kapaka rangi ya dhahabu, kisha akaiweka kwenye fremu ya kioo. Ndani yake mlikuwa na mafanikio manne na changamoto kumi na saba. Wanaojua kusoma risala wanajua kwamba changamoto husomwa kwa sauti ya chini, ya mgonjwa. Katibu alizisoma hivyo mpaka watu wakamletea maji.

Ila nisimpake matope mazima. Mtu huyu aliyechelewesha mtaa mzima, mwenyewe hakuwahi kuchelewa. Tukio la saa tatu yeye yupo uwanjani saa kumi na mbili asubuhi na ufagio. Nyimbo za singeli alizilaani hadharani, akaziita kelele za watu wanaokimbizwa, lakini ukimkuta juu ya ngazi na brashi yake, mguu mmoja unazidunda zilezile. Na kuna kitu nilichelewa kukiona. Ngoma zikianza kupashwa moto, yeye hakuwepo. Alikuwa barabarani, simu sikioni, shingo imenyooka, anaangalia kama gari la mgeni linakuja. Likishafika alikuwa nyuma ya meza kuu anahangaika na maikrofoni. Likiondoka alilisindikiza. Mtu aliyejua jina la kila ngoma ya nchi hii na namna ya kuliandika kwa kivuli, sidhani kama aliwahi kuangalia hata moja ikaisha.

Mwaka wa nne wa ubao, chaki ikatimia kwa zamu ya kikundi cha mama. Nasema kweli. Jumamosi, uwanja wa shule ya msingi, saa tatu asubuhi, tamasha la ngoma za asili. Mama alishona gauni jipya, akafunga magoti bandeji chini ya gauni, akamwambia kila jirani kuanzia sokoni mpaka kanisani. Mabinti walikuja kwa kulazimishwa. Nami nilikuja, na miwani ya jua.

Saa tatu ikafika. Saa nne. Mama na wenzake wamepanga mstari kando ya uwanja, wima, maana magauni meupe hayakaliwi chini kwenye vumbi. Nikamfuata Katibu barabarani.

"Katibu, shikamoo. Akina mama wanaungua. Si waanze tu?"

"Waanze? Mbele ya nani, mwanangu?"

"Mbele yetu. Uwanja umejaa."

Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Mgeni keshatoka nyumbani," alisema. "Ngoma ikichezwa hajafika, akifika nitamwonyesha nini? Nitaonekana sijajiandaa."

Saa saba watu wakaanza kwenda kula. Saa tisa mpiga ngoma wetu, ambaye ni fundi wa magari, aliitwa na mwenye gari. Akaenda, akarudi na grisi mikononi, na hakuna kilichokuwa kimetokea. Saa kumi mgeni akaja, yaani mwakilishi. Akasomewa risala, changamoto zote kumi na saba. Akajibu kila moja. Ilipotimu saa kumi na moja na nusu akasema ana shughuli nyingine Kinondoni, ila kwa kuwa anapenda utamaduni, vikundi vyote vipite mbele yake, dakika mbili kila kimoja.

Dakika mbili. Kuingia tu kwa kioda ni zaidi ya hapo. Mama alitangulia, wenzake nyuma, hatua zile ndogondogo, wakafika katikati ya uwanja wakiwa hawajageuka hata mara moja, na mshereheshaji akapaza sauti: "Makofi kwa akina mama wetu, wamependeza sana, tunawashukuru, kikundi kinachofuata!" Mpiga ngoma akabaki mikono juu. Mama alisimama pale kidogo. Kisha akageuka akatoka, na kutoka kwake hakukuwa kwa ngoma, kulikuwa kwa mwanamke anayechechemea.

Usiku ule magoti yalivimba. Nilimkanda kwa maji ya moto nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, ila nilijua anwani moja. Jumatatu nikaenda bandani. Nikamwambia Katibu kwamba yeye si mtu wa utamaduni, ni mtu wa viti. Nikamwambia mama yangu alisimama juani kwa muda wa saa nane kumngoja mtu aliyeuliza choo kiko wapi na hakuuliza kingine. Alinisikiliza, brashi mkononi, rangi inadondoka. Halafu akasema kwa upole:

"Umesema kweli, mwanangu. Mwakani tutamwomba afike mapema."

Niambie, mtu kama huyo unamfanyaje? Niliondoka. Nyuma yangu nikasikia kitambaa kibichi kinasugua ubao.

Kutoka siku hiyo nilibadili njia ya kwenda kazini, nikawa napita nyuma ya godauni ili nisimsalimie. Mama hakubadili. Alimpitia kila Jumapili akitoka kanisani, na Katibu akamwonyesha tarehe mpya, na mama akaitikia. Nilimuuliza kama ana akili timamu. Akasema, "Wewe unamcheka. Haya, taja mwingine katika mji huu aliyewahi kuandika jina la kikundi chetu mahali." Nilimcheka hivyohivyo. Tamasha la mwaka wa tano lilisogezwa mbele, la mwaka wa sita likafutwa na mvua pamoja na chaki yake.

Mwaka huu mama yupo kwangu Ukonga. Kikundi kimebaki na wanne pamoja naye. Magoti yamefika mahali ambapo daktari anasema kwa kifupi: hili moja tutalipasua, na baada ya hapo, mama, kucheza sahau. Mama akauliza ni lini. Akatajiwa wiki mbili. Alirudi nyumbani akatangaza kwamba Jumamosi inayokuja kioda kinachezwa uani kwangu, wale wanne na mabinti watakaokubali. Watakaokubali walikuwa watano, wa miaka ishirini na kitu, ambao miezi mitatu walikuwa wanajifunza hapo uani, nami nikiwapa chai. Sikukubali. Nilisema mtu lazima awepo jikoni.

"Na mgeni rasmi ni Katibu," mama alisema. "Kampelekee barua."

"Katibu? Mama, yule ndiye..."

"Barua, nimesema. Iandikwe vizuri, anajua maandishi."

Nilipeleka. Nilimkuta amepungua, shati linamning'inia. Akaisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa. Nilitegemea atoe hotuba. Akaniuliza tu saa ngapi. Nikamwambia saa nne kamili, na asichelewe, maana mama atakunywa dawa ya maumivu saa tatu na nusu, na dawa ile inamshikilia goti kwa muda wa saa mbili, ikizidi sana. Akasema ameelewa.

Jumamosi saa nne, kiti cha mgeni kipo, mgeni hayupo. Nikajisemea moyoni, mtu ambaye hajawahi kuchelewa maisha yake yote. Nne na nusu. Simu yake imezimwa. Mama amekaa kwenye kigoda na gauni jeupe, mkono juu ya goti, analisikiliza. Saa tano kasorobo nikamwambia, "Mama, dawa." Wenzake wakamwambia, "Dada, dawa." Akasema tungoje kidogo, ni heshima ya mtu. Saa tano na dakika kumi akainuka mwenyewe.

"Simu zote wekeni kwenye beseni," aliwaambia watu. "Mtu kashika simu atapigaje makofi?"

Wakaweka. Fundi wetu wa magari akapiga. Wakaingia.

Sitasema mengi. Ilikuwa ni uani, kati ya tanki la maji na kamba ya nguo. Mama mbele, wazee watatu, mabinti watano nyuma yao. Walizunguka, waligeuka, wakarudi, hakuna aliyewaambia dakika. Sehemu ya mwisho wachezaji wanaondoka kinyumenyume, nyuso zikiielekea ngoma, kisha wanakunja goti mara moja, wote pamoja, chini kabisa, na kuinuka taratibu. Nilishika mlango wa jikoni. Mama alikunja. Akainuka, na mabinti watano nyuma yake wakainuka naye, sawasawa, na uani watu wakapiga makofi hadi kuku wa jirani wakakimbia. Nililia, na sikuwa namenya vitunguu.

Saa sita kasoro kumi lango likagongwa. Katibu. Suti ya kijivu, tai, viatu vinang'aa. Mama tulikuwa tumeshamlaza chumbani, mguu juu ya mito. Mabinti walikuwa wanakula pilau wakiwa na magauni yao. Katibu akaiangalia ngoma iliyolazwa chini, akaviangalia viti vilivyogeuzwa kuelekea sufuria, akajua.

"Ulikuwa wapi?" nilimuuliza, na hata shikamoo sikutoa.

"Hapo kona, kwa muuza chai. Tangu saa tatu na robo."

"Kona ipi? Hii hapa?"

"Mgeni rasmi hatangulii, mwanangu," alisema. "Nikasema nikifika saa nne kamili nitamshusha mama yako mbele ya watu. Wataona kaalika mtu asiye na shughuli. Kwa hiyo nilizima simu, nikangoja, ili nimpe heshima inayomstahili. Ile dawa nilijua. Nilihesabu kuanzia saa nne, itafika saa sita."

Miaka yote niliyokuwa natafuta maneno ya kumkomoa, siku ile yalikuwepo ya kuchagua, na sikutaka hata moja. Nilimwonea huruma mpaka nikaona aibu. Nilimpeleka chumbani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama," alisema, "nimekuharibia."

"Hujaharibu. Tumecheza."

"Mabinti wameshika?"

"Wameshika. Watano."

Katibu akaitikia kwa kichwa. Nikamsubiri aanze kuwashukuru waandaaji, wazazi, na wote waliofanikisha. Akasema, "Basi," akageuka. Chakula alikataa, kiti hakukikalia. Mama akanikonyeza kwamba nimsindikize.

Tukatembea mpaka kituo cha bajaji. Madereva walikuwa wamejilaza kwenye bajaji zao, redio inapiga, jua la saa sita utosini. Akatafuta bajaji ya kupanda, kisha akaacha kutafuta.

"Kuingia kwao nilikuona," alisema. "Ile siku ya uwanjani, kwa mbali, nikitokea barabarani kumwita dereva wa mgeni. Inaishaje?"

"Nini?"

"Kioda. Mie nimekiandika miaka sita. Inaishaje?"

Nilianza kumweleza kwa mdomo, wanarudi kinyumenyume, halafu wanakunja, na nikaona haielezeki. Nikavua kandambili. Nikaangalia kushoto na kulia, madereva wale, mama muuza mihogo, watu wa watu. Nikarudi nyuma kwa hatua ndogondogo, uso nimemwelekezea yeye kwa kuwa ngoma haikuwepo, nikakunja goti mpaka chini, nikainuka taratibu. Sijawahi kufundishwa. Nilikuwa jikoni.

"Sista vipi, umepandisha mashetani?" dereva mmoja alipiga kelele, na wenzake wakacheka.

Katibu hakumsikia. Alikuwa amesogea kando ya barabara anipe nafasi, mikono kaifunga mbele, macho miguuni kwangu.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.